Miezi minane na basi la stima, laini ya 44

Niseme mapema nisije nikalaumiwa: mimi ni mtu wa dizeli. Nimeendesha Isuzu za viti 33 kwa miaka 19, mingi kati yake Thika Road, kuanzia barabara ya zamani hadi Superhighway ilipofunguliwa mwaka 2012. Goti la kushoto lilipokataa klachi nilishuka, nikaenda kuuza spea Kirinyaga Road, pale ambapo wazee bado tunapaita Grogan. Ninachouza ni klachi pleti, filta za oili, filta za dizeli, fani belti na nozeli. Basi la stima, yaani la umeme, halina hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo nisomeni mkijua ninakula wapi.

Nyumbani lakini ni Kahawa West, na kila siku ya kazi napanda 44 kwenda tao, katikati ya Nairobi, na 44 kurudi. Sako mojawapo ya laini yetu, yaani chama cha wenye magari, ilipoleta mabasi ya stima, nilipanda la kwanza kwa nia ya kulikosoa. Sasa ni miezi minane bado napanda, asubuhi na jioni, isipokuwa siku ambazo halipo, na hizo si chache. Jina la sako naliacha. Makanga wao wananijua na ningependa kuendelea kufika nyumbani.

Gari lenyewe ninalipatia 9 kwa 10. Nimejaribu kulinyima, nimeshindwa.

Siku ya kwanza nilikaa mbele, kando ya dereva, nikaweka kiganja kwenye dashibodi kama mtu anayempima mtoto homa. Nilikuwa nangoja lile tetemeko la injini. Sikupata kitu. Gari likatoka steji kimyakimya, na mguu wangu wa kushoto, kwa ujinga wake, ukakanyaga klachi hewani. Dereva, kijana asiyefika miaka 30, akaniona akacheka. "Mzee, hapa mguu ni mmoja tu. Huo mwingine pumzisha." Nikamwambia wakati yeye anazaliwa, mguu huo ulikuwa unalipa karo.

Isuzu yangu ikiwa imejaa, kwenye mwinuko ningerudi gia ya pili, moshi mweusi ukibaki nyuma na abiria wakifunga madirisha. Hili linapanda kama halina mtu ndani. Lakini kilichonimaliza ni mteremko wa Muthaiga kwenda Pangani. Kijana aliinua mguu tu. Hakugusa breki. Gari likajishika lenyewe, mshale kwenye dashibodi ukalala upande wa kijani, na ile asilimia 71 tuliyokuwa nayo juu tukafika nayo Pangani. "Sasa inajirudishia chaji," akanieleza. Miaka 19 nimeteremka pale nikichoma breki, harufu yake inaniingia puani hadi Ngara. Huyu anateremka akilipwa.

Akaongeza kwa majivuno, "Hii inatembea na mvuke wa Naivasha, mzee." Si porojo. Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, maji ya mabwawa ya Tana, upepo wa Turkana na jua. Dizeli yote inakuja kwa meli.

Kimya cha ndani nacho kina mambo yake. Kuna mama nyuma yetu alimwambia mtu kwenye simu, "Nimefika Roysambu, nipe dakika kumi," na sisi hata Zimmerman hatujatoka. Gari zima lilimsikia. Kwenye dizeli uongo huo ungefunikwa na injini.

Kimya hicho kimeua pia ujanja mmoja wa kale wa matatu ambao abiria wengi hawajaona kwamba haupo tena. Steji ya tao, ukiwa na watu wanane ndani, tulikuwa tunapiga resi. Unakanyaga, injini inanguruma, unalisogeza gari hatua mbili, unalirudisha moja. Anayepita anadhani linaondoka, anakimbia, anaingia. Ukiongeza vijana watatu wa kulipwa wakae ndani kama abiria, baada ya dakika kumi limejaa. Basi la stima huwezi kulipiga resi. Likisimama limesimama, halina sauti ya kudanganya nayo. Matokeo yake ni kwamba linajaa polepole kuliko magari ya dizeli yaliyo kando yake, na makanga analia hadi koo linakauka. Dereva mmoja amegundua kwamba mlango wa upepo unatoa "pssh" ukifungwa na kufunguliwa, basi kila nusu dakika anaufungua na kuufunga, na watu wanakimbia kweli.

Pale Githurai 44, kimya ni hatari. Wachuuzi wamepanga bidhaa hadi ukingoni mwa lami, na hawaangalii barabara, wanaisikiliza. Kuna mama wa ndizi ambaye kwa miaka yote niliyomjua huketi akiipa barabara mgongo. Isuzu ikikaribia, anavuta beseni kwa mkono mmoja bila kugeuka na bila kuacha kuhesabu chenji. Mwezi wa kwanza wa basi la stima nilimwona akiruka na beseni zima kifuani, bampa ikiwa nusu mita kutoka mgongoni mwake. Alimwambia makanga maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku hizi makanga ananing'inia mlangoni kuanzia Zimmerman, akipiga bodi kwa kiganja, si kwa ajili ya abiria bali kwa ajili ya mama wa ndizi.

Hayo ni mambo madogo. Kilicholeta alama 5 kwa huduma ni Alhamisi moja ya Novemba.

Mvua ilianza saa kumi jioni. Saa moja kasoro nilipata kiti cha mbele, tao, nikashukuru Mungu. Nauli ilikuwa imeshafika shilingi 150 kutoka 80. Nilitupa jicho kwenye dashibodi, nikaona 22. Nikamtazama dereva, si yule kijana wa kwanza, mwingine, mtu mzima kidogo. Hakunitazama. Tulipofika Pangani, tukaingia kwenye msongamano, na hapo nikatulia, maana sifa moja ya stima ni kwamba gari likisimama halili ila kidogo tu. Isuzu ingekuwa inaunguza dizeli bure. Lakini baada ya Muthaiga barabara ilifunguka, akakanyaga, na tarakimu zikaanza kushuka mbele ya macho yangu kama pesa za simu mwisho wa mwezi. Kufika Garden City ilikuwa 9. Akazima taa za ndani. Mtu nyuma akauliza, "Kwani kuna nini?" Hakujibiwa. Kisha gari likajipunguzia nguvu lenyewe, likawa linatambaa, na taa ya rangi ya chungwa ikawaka.

Roysambu akakata kona, akasimama, akafungua mlango. Makanga akatangaza kwamba gari linakwenda kuchaji, kila mtu ashuke. Akaturudishia shilingi 30. Kutoka Roysambu hadi Kahawa West usiku ule magari yalikuwa yanaitisha 100. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikataa kushuka, akasema alilipia Kahawa West na Kahawa West ndiko atakakoshukia. Mwishowe alishuka, kwa sababu gari gizani lisilokwenda ni kiti tu.

Nilichelewa kushuka kwa ajili ya goti, nikambakiza dereva peke yake. Nikamwambia nami nilikuwa dereva. Hapo akafunguka. Saa sita mchana alikuwa amekwenda depo kuongeza chaji kama kawaida, akakuta stima imepotea mtaa mzima. Akangoja. Iliporudi, kulikuwa na mabasi manne mbele yake na plagi mbili zinazofanya kazi. Akapata dakika 40, akatoka na asilimia 58. Angefanya raundi moja salama, alaze gari. Lakini mvua ikanyesha, nauli ikapanda, na tageti, ile hela ya kumpelekea mwenye gari kila siku, haikuwa imefika hata nusu. "Ningefanyaje, mzee?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nimewahi kusukuma gari kutoka Survey hadi kituo cha mafuta kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mimi nilitia lita kumi kwa dakika tatu, nikaendelea.

Wengi wanadhani shida ya basi la stima ni betri. Betri haijanikosea. Shida ni kwamba tumechukua gari lenye ratiba tukalitia kwenye kazi isiyo na ratiba.

Hesabu ni hii. Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilileta Nairobi mabasi mawili ya K6 ya viti 25, yaliyotengenezwa na BYD ya Uchina, yanayotajwa kwenda kama kilomita 250 kwa chaji moja. Yetu si yale, lakini umbali wanaoutaja ni karibu huo huo. Kahawa West hadi tao na kurudi ni kama kilomita 40. Siku nzuri tulikuwa tunapiga raundi sita, mwisho wa mwezi saba. Hiyo ni 240 hadi 280. Ongeza safari za depo, ambayo haiko Kahawa West wala tao bali upande mwingine kabisa wa mji, na gari huenda huko tupu na kurudi tupu. Kwa hiyo kuchaji mchana ni lazima, si hiari. Na bei ya stima haitaki uchaji mchana: ushuru maalumu wa magari ya stima ulioanza mwaka 2023 uliwekwa shilingi 16 kwa uniti, na 8 kwa saa zile ambazo watu wamelala, kabla ya kodi na tozo nyingine. Mwenye gari anataka uchaji usiku, abiria wa saa kumi na moja alfajiri anataka gari limejaa chaji, na mvua ya saa kumi jioni haimsikilizi yeyote kati yao.

Halafu stima ikipotea, inapotea kwa wote. Dizeli ikiisha kituo kimoja, unavuka barabara. Tuliokuwa Nairobi Ijumaa ile ya Agosti 25, 2023, nchi nzima ikiwa gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, tunajua kwamba giza la Kenya halina ng'ambo ya pili.

Watu hupenda kututajia Shenzhen, kule Uchina, ambako mabasi yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya stima kufikia mwisho wa 2017. Sawa. Lakini kule serikali ilimwaga ruzuku, na depo zikajengwa kwa mpango. Huku mwenye gari amekopa, dereva halipwi mshahara bali anabaki na kinachozidi tageti, na trafiki anangoja chake Allsops. Mpe dereva huyo gari linalotaka kulala saa sita mchana, uone kama hatalidanganya.

Kuhusu nauli nina uchungu wangu. Tuliambiwa stima ni rahisi, na ni kweli. Bei ya mwanzo ya BasiGo mwaka 2022 ilikuwa shilingi milioni 5 za kuchukua gari, kisha shilingi 20 kwa kila kilomita kulipia betri na chaji. Isuzu yangu mjini ilikuwa inakula lita moja kwa kilomita nne. Septemba 2023 dizeli ilifika shilingi 200.99 hapa Nairobi, maana yake 50 kwa kilomita, na bado hujabadilisha oili. Sasa mbona abiria hajaiona tofauti hiyo hata ya mandazi? EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya mafuta jioni ya tarehe 14. Ikipanda, asubuhi ya tarehe 15 basi la stima nalo limepanda, mguu kwa mguu na la dizeli. Nilimuuliza makanga, dizeli inaingilia wapi humu? Akanijibu, "Mzee, sisi tunafuata steji." Na mvua, je? Mvua inaloweka betri? Akanyoosha mkono apokee hela.

Dukani kwangu mambo ni ya ajabu. Magari haya hayanunui filta, ila yananunua shokamzoba na bushi kama njugu, kwa sababu betri ni nzito na matuta ya Kamiti Road hayajui kwamba gari ni la kisasa. Siku moja wakaja mafundi wawili, watu ninaowajua miaka, wanaoshusha injini ya Isuzu na kuirudisha huku wakipiga soga. Wameitwa kuangalia basi la stima lililokwama karibu na Globe. Walifungua chini, wakaona nyaya nene za rangi ya machungwa, wakafunga. "Ile rangi ni ya kuambiwa usiguse," mmoja aliniambia, na alikuwa na haki, maana huo ni umeme wa kuua mtu. Grogan nzima, yenye watu wa kukutengenezea chochote kwa kipande cha bati, haina msaada. Basi lile lilivutwa likaegeshwa siku tisa likingoja fundi wa kampuni na kipuri kimoja. Siku tisa ndani ya gari la mkopo.

Mengine kwa haraka. Halina keria ya mizigo juu, kwa hiyo kina mama wanaotoka soko la Marikiti na magunia hawapandi, na makanga hawataki hata kuwaona. Viti ni vizuri, nafasi ya magoti inatosha hata goti langu. Chaja za simu zipo kila kiti, zinafanya kazi mbili tatu. Binti yangu wa mwisho halipandi kabisa; yeye na wenzake wako tayari kungoja nusu saa nganya, matatu ya vijana yenye michoro na muziki wa kutetemesha mbavu. Anasema la stima ni kama kupanda gari la hospitali. Sikubishana naye. Mimi kwa umri wangu hospitali imenizoea.

Kitu kimoja sako ikifanya kesho nitaongeza alama mbili papo hapo: gari likiwa chini ya asilimia 30 lisipakie tao jioni. Liandikwe, libandikwe steji, na dereva asikatwe tageti kwa siku ambayo stima ilipotea. Chaja mbili karibu na Kahawa West zingesaidia kuliko mabasi kumi mapya.

Huku kwetu abiria wamejifunza wenyewe. Zamani ukifika mlangoni unauliza, "Ni ngapi?" ukimaanisha nauli. Siku hizi kwenye basi la stima maswali ni mawili, "Ni ngapi, na iko na ngapi?" Jana jioni nilimuuliza makanga hivyo, wingu likiwa zito juu ya Ngara.

"Imejaa mzee, ingia."

Nikaingia, nikapita moja kwa moja hadi mbele, nikainama juu ya bega la dereva. 31. Ni yule kijana wa siku ya kwanza. Akafunika tarakimu kwa kiganja, akacheka. Nikahesabu: kilomita 20, mwinuko wa Roysambu, hakuna mvua bado. Nikakaa, nikaweka mguu wa kushoto mahali ambapo klachi ingekuwa.